Beji ya Droo

Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa mbili kamili asubuhi, Binti wa Beji alifungua droo ya juu ya meza yake, akasogeza pakiti ya biskuti, na kutoa beji moja ambayo hakuna mtu aliyewahi kuivaa. Hiyo ndiyo iliyotangulia kuingia kwenye mashine. Kisha alijimiminia chai kutoka kwenye chupa, akafunika kikombe kwa kisahani, akaenda kwenye ubao wa misumari mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Kila msumari ulikuwa na namba yake, na kila namba ilikuwa na fundi wake. Alichukua beji za mwezi ule, akatundika mpya, akarudi na mzigo wake kwenye sinia la bati. Alizisoma moja moja. Anaandika namba kwenye karatasi ya mistari, anapiga funda la chai, anachukua nyingine. Hakuwa na haraka. Wala hakuwa na cha kushangaa, maana kwa miaka miwili karatasi ile ilikuwa ikisema jambo lile lile.

Alhamisi hiyo beji ya droo ilisoma sita. Namba tatu, sita. Namba nane, saba. Namba kumi na moja, sita. Aliandika bila hata kuinua kichwa. Akachukua namba kumi na saba, akaisukuma ndani ya mashine, akanyanyua kikombe.

Moja.

Kikombe kikaishia njiani.

Beji yenyewe ukiiona ni kitu cha kawaida tu, kijiplastiki cha kubana kifuani. Ila ndani yake mmefichwa vipande viwili vya chumvi ya kiwandani, kila kimoja kama punje ya mchele. Mionzi ikikipiga kipande, kinaweka kumbukumbu. Kikipashwa moto ndani ya mashine, kinatoa mwanga kwa kadiri kilivyopigwa, mashine inausoma mwanga ule na kutoa namba. Ndiyo maana beji ya droo ikasomwa kwanza. Hiyo haiendi kazini. Inapigwa na mionzi ya kawaida ya dunia tu, ile inayotoka ardhini na kwenye kuta na angani, inayompata kila mtu hata akiwa kitandani kwake na shuka hadi kidevuni. Ya fundi inatakiwa iwe juu ya hapo. Chini ya hapo haiwezekani.

Aliingiza kipande cha pili. Moja. Akafikiri mashine imeharibika, akachukua beji ya akiba kabatini, akaipitisha. Sita. Mashine ilikuwa nzima kama siku iliyofunguliwa kwenye boksi. Hata maiti kaburini angesoma zaidi ya moja. Kiwanda kizima kilikuwa na mahali pamoja tu ambapo beji ingeweza kujificha hata kwa dunia yenyewe: nyuma ya matofali ya risasi, yale mazito ya kuzuia mionzi, yaliyopangwa ukutani mwa Chumba cha Tatu.

Na namba kumi na saba alikuwa baba yake.

Mjini watu walikiita kiwanda "Kule", basi. Kilijengwa baada ya mataifa kukaa mezani na kukubaliana kupunguza mabomu yale makubwa, yale ambayo moja tu linaufuta mji pamoja na watoto ambao mimba zao hazijatungwa. Kazi ya Kule ilikuwa kuyafungua. Bomu linaingizwa Chumba cha Tatu kwenye kitoroli, linafunguliwa bolti kwa bolti, kiini chake kinatolewa na kuwekwa kwenye pipa la chuma, pipa linapigwa lakiri na kuondoka. Ukutani mwa kantini kulikuwa na ubao mweusi, na juu yake namba moja iliyoandikwa kwa chaki: yaliyobaki. Fundi aliyetoa bolti ya mwisho ndiye aliyepewa heshima ya kuingia kantini na ovaroli lake, kufuta ubao kwa mkono wa nguo, na kuandika namba mpya, huku wenzake wakigonga meza kwa vijiko. Walianza na mia nne na zaidi. Asubuhi ile ubao ulisema kumi.

Mtu aliyefuta ubao ule mara nyingi kuliko wote alikuwa huyo baba yake Binti, Mzee Koleo. Jina lilimpata zamani, kabla mabega hayajamwisha, alipoifungua kwa koleo nati iliyokuwa imeshinda spana tatu na wanaume wanne. Miaka ishirini na miwili alikuwa anafungua. Alipenda kusema, "Wenzangu wanajenga, mimi nabomoa, na bado mke wangu alinikubali." Mkewe alikuwa ameshafariki, lakini utani aliubakiza.

Halafu vikaja vita. Vilikuwa mbali, nchi ambayo watu wengi mjini walikuwa hawaijui hata kuitafuta kwenye ramani, na mwanzoni ilisemwa ni vya miezi mitatu. Sasa vilikuwa vimeingia mwaka wa saba. Vilianza kuchukua vijana, vikahamia kwenye vitu. Wodi mbili za hospitali zilifungwa kwa sababu madaktari na vitanda vilipelekwa huko. Nguzo za umeme za barabara kuu zilibandikwa picha za waliokufa, za zamani zimepauka kwa jua, mpya zimebandikwa juu yake. Kule kiwandani, mafundi arobaini walibaki kumi na wawili. Feni ya kuvuta hewa Chumba cha Tatu iliungua na haikuletwa nyingine. Glavu zilizibwa viraka kama mipira ya baiskeli.

Hapo ndipo uongo wa beji ulipoanzia. Sheria ilisema fundi akivuka kiwango cha mwaka, haingii tena Chumba cha Tatu mpaka mwaka uishe. Anapewa ufagio afagie uwanja. Mafundi walikuwa na neno lao: "fulani kapewa fagio." Bila feni, na watu ni kumi na wawili, wote wangekuwa na mafagio kabla mwaka haujafika nusu. Kwa hiyo walianza kuacha beji kwenye mifuko ya makoti yao, kabatini, na kuingia kazini vifua vitupu. Hakuna aliyepitisha azimio. Mmoja aliacha, wa pili akaona, ikawa desturi.

Binti alikuwa ametoka chuoni mwaka huohuo. Alikuwa mtu wa haya, wale ambao dukani huwapisha watu watatu kabla hawajaagiza chao, lakini namba alizijua. Mwezi wa kwanza tu aligundua. Alipiga moyo konde, akaenda kwa Meneja, akasimama mlangoni.

"Bosi, beji zote zinasoma sawa na ya droo. Nadhani hawazivai."

Meneja hakuinua macho kwenye mafaili. "Binti, kazi yako ni nini hapa?"

"Kusoma beji."

"Basi andika unachokiona. Usiandike unachokifikiria."

Akarudi, akaandika alichokiona. Maneno yale yakawa shuka lake. Kila mwezi alijifunika nalo. Si yeye aliyeweka beji kwenye makoti. Yeye alikuwa anaandika alichokiona.

Lakini moja? Moja ilikuwa haifunikiki.

Saa kumi na moja jioni yeye na baba yake walitoka pamoja getini, kama siku zote, wakashika barabara ya nguzo. Mzee alitembea polepole kuliko mwaka jana. Mkanda wake ulikuwa umeongezwa matundu mawili kwa msumari.

"Shikamoo baba, hatujaonana tangu asubuhi."

"Marahaba mama. Vipi droo yako, haijambo?"

"Baba, beji yako umeiweka wapi mwezi huu?"

"Si kifuani."

"Baba."

"Kifuani kwa nani, hilo sijasema." Alicheka peke yake, akakohoa, akatema pembeni na kufukia kwa kiatu haraka. Binti aliona kabla hajafukia. Ilikuwa nyekundu.

"Imesoma moja," alisema.

"Enhe! Si ndiyo afya hiyo? Wenzangu wote wanasoma sita, saba, mimi moja. Nimewapiga bao."

"Droo imesoma sita."

Mzee Koleo alisimama. "Droo? Yaani meza yako inapigwa kuliko mimi?"

"Kila kitu kinapigwa, baba. Kitanda kinapigwa. Sisi hapa barabarani tunapigwa. Hakuna mtu duniani anayesoma moja. Umeificha nyuma ya yale matofali."

Mzee aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Alipoinuka, sura yake ilikuwa ya mtoto aliyekutwa na kijiko cha sukari.

"Niliona ukisoma namba kubwa utakaa unajitesa," alisema. "Wewe nakujua, hulali. Nikasema ngoja nimtafutie mwanangu namba ndogo kuliko wote, apate usingizi." Akatikisa kichwa. "Miaka ishirini na miwili, mama. Bomu nalijua kama kiganja changu. Sikujua kitanda nacho kinahesabiwa."

Binti alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa vyote. Alitazama viganja hivyo alivyovitaja. Ngozi ya vidole ilikuwa laini na inang'aa kama ya mtu aliyeungua, na kucha mbili zimekuwa nyeusi.

"Na kwa nini unaingia zamu mbili?"

"Kwa sababu mabomu yamebaki kumi." Sauti ikabadilika, utani ukaisha. "Mwezi ujao wanafunga kiwanda, hela yote inakwenda vitani. Tutakachokuwa hatujafungua kinarudi stoo, tayari kurushwa. Na kaka yako yuko huko vitani. Wakianza kurusha hawa, watajibu wale, na yeye yuko katikati. Kila nikifungua moja, najua hilo halitamwangukia. Basi. Mimi hesabu yangu ni hiyo, sina nyingine."

"Baba, mimi..."

"Sema."

Maneno yalimjaa mdomoni, yakagongana. Akasema, "Uvae glavu mbili basi."

"Nitavaa mbili."

Wakatembea. Karibu na nyumbani mzee akasema, bila kumtazama, "Kwenye karatasi weka sita. Kuna ubaya?"

Siku iliyofuata Binti wa Beji alichukua penseli, si kalamu, akaandika sita mbele ya namba kumi na saba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika kitu ambacho hakukiona. Aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka ndani ya mkoba wake. Ilitakiwa kwa Meneja Jumatatu.

Jumapili saa kumi jioni, kaka yake alipiga simu. Jeshi liliwapa askari dakika kumi kila wiki mbili. Simu ililazwa katikati ya meza, sauti imefunguliwa, na wote watatu wakaizunguka kama watu wanaoota moto: mzee, Binti, na wifi yake. Wifi alikuwa fundi cherehani. Karakana yao zamani ilishona sare za shule. Sasa ilishona mifuko mirefu ya turubai yenye zipu, na walikuwa wameambiwa ni ya kulalia.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula, nimeshiba, nimebeua. Mama watoto yupo?"

"Mama watoto yupi, na watoto wenyewe hujaniachia?" wifi akadakia, na simu nzima ikacheka.

"Nikirudi nitalipa na riba. Dada, na wewe? Bado unaongea na droo?"

"Nipo kaka," alisema Binti. "Hujambo?"

"Sijambo. Huku kumepoa. Wametusogeza nyuma, kilomita kama hamsini, hata hatujui kwa nini. Wametugawia na makoti mapya ya plastiki, ukilivaa unafanana na gunia la mbolea. Na vidonge."

"Vidonge vya nini?" aliuliza wifi. "Unaumwa?"

"Siumwi. Kila mtu kapewa pakiti. Vyeupe, vina chumvichumvi. Tumeambiwa tusivimeze mpaka king'ora kilie. Daktari anasema ni vya kulinda koo."

"Koo lipi, hilo la kuimbia ovyo bafuni? Wasililinde, waliache life!"

Kaka akacheka sana. Wifi akacheka. Binti alimtazama baba yake, na baba yake alikuwa tayari anamtazama yeye.

Vidonge vile walivijua wote wawili. Kiwandani vilikuwa kwenye kabati jekundu ukutani, nyuma ya kioo cha kuvunja, na chuoni Binti alivisomea mtihani. Vinamezwa kwa sababu moja tu. Si vya mafua, ni vya mionzi.

"Uvitunze," alisema mzee kwa simu. Sauti yake ilitoka imenyooka, hata mwanawe asingeshtuka. "Usiviweke mfuko wa nyuma, utavikalia. Weka hapa, mfuko wa shati."

"Mzee naye, kwa vidonge!"

"Weka mfuko wa shati, nimesema."

"Haya, nimeweka."

Dakika zikaisha, simu ikakatika yenyewe. Wifi aliinuka na kuimba wimbo usio na maneno, akaenda kuosha vikombe. Mzee Koleo alibaki ameweka vidole vyake vinavyong'aa juu ya meza.

"Jana tumefuta, yamebaki tisa," alisema chinichini. "Mimi na mwenzangu Kimya tukiingia alfajiri..."

"Baba, huwezi."

"Tisa si nyingi."

Sauti ya maji ya vikombe ilikuwa inasikika jikoni, na ile ya wifi, na Binti akawaza kwamba katika nyumba hii wanaume wawili wamekaa kila mmoja mbele ya bomu lake, na kwamba la baba angalau yeye ana karatasi yake mkobani.

Jumatatu mafundi wote waliitwa kantini kabla ya kubadilisha nguo. Meneja alikuwa mbele, na kando yake mgeni mwenye suti ya kijivu ambaye hakutambulishwa na hakukaa. Ubao ulikuwa nyuma yao: tisa, kwa mwandiko wa Mzee Koleo, mkia wake umepinda kama kawaida.

Meneja aligeuka, akachukua kitambaa, akafuta ile tisa. Watu wakanyoosha shingo. Akaandika kumi.

"Bosi, umechanganya," alisema Kidevu, fundi kijana kuliko wote, aliyekuwa na miaka hamsini na miwili. "Huku tunahesabu kushuka."

Wawili watatu walicheka. Meneja hakucheka, nao wakaacha.

"Pipa moja limerudi asubuhi hii," alisema. "Mengine yako njiani. Hali ya huko vitani mnaisikia. Uamuzi umefanywa na wakubwa, si mimi wala nyinyi. Yaliyofunguliwa yatafungwa upya. Tunaanza na yale ya mwaka huu, na tunayo wiki tatu."

Hakuna kijiko kilichogonga meza. Kimya, mwenzake Mzee Koleo wa zamu zote, mtu ambaye maneno yake ya mwaka mzima yangeenea kwenye kiberiti, alivua kofia na kuishika.

Mzee Koleo alikuwa anautazama ubao kama mtu aliyevuliwa shati barabarani.

"Mimi sijui kufunga," alisema.

"Unajua, mzee wangu. Anayejua kutoa bolti anajua kurudisha."

"Nimesema sijui."

Mgeni wa suti alifungua mdomo kwa mara ya kwanza. Aliongea kwa upole. "Wakati wa vita, mzee, anayekataa kazi haitwi mkataaji. Ana jina jingine, na adhabu yake mnaifahamu."

"Mwanangu yuko huko mnakotaka kuyatupa."

"Wana wa watu wengi wako huko."

Kidevu alijaribu. "Hakuna feni, bosi. Glavu ndiyo hizi za viraka. Sheria ya mionzi..."

"Sheria ya mionzi inafuatwa," Meneja alisema, na hapo akapata nafuu usoni, kama mtu aliyefika kwenye ukurasa anaoujua. "Hakuna atakayeingizwa akiwa amevuka kiwango. Lakini nyinyi hakuna aliyevuka, tena hamjakaribia. Miaka miwili hii kiwanda chetu ndicho chenye karatasi safi kuliko vyote. Mgeni wetu ameletwa hapa kwa sababu hiyo." Akatafuta kwa macho. "Binti wa Beji yuko wapi? Njoo mbele. Wasomee, wajijue kuwa ni wazima."

Binti wa Beji alikuwa ameegemea ukuta karibu na mtungi wa maji. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya watu zaidi ya watatu. Alipita katikati ya meza, akafungua mkoba, akatoa karatasi. Vidole vyake viligusa kitu kingine ndani, kigumu, akakitoa pia, akakifumbata. Alikuwa amekichukua mezani kwake asubuhi bila kujua anakichukulia nini.

"Soma kwa sauti," alisema Meneja.

"Namba tatu," alisema. "Sita."

"Mmesikia? Safi."

"Namba nane, saba. Namba kumi na moja, sita. Namba kumi na mbili, sita."

Kila aliyetajwa alitazama chini. Kimya alikuwa namba kumi na nne; aliposikia sita yake alifumba macho. Binti alishuka mstari kwa mstari, na sauti yake ilikuwa inapungua, na kadiri ilivyopungua ndivyo alivyoelewa jambo ambalo lilikuwa mbele yake miaka miwili. Karatasi hii ndiyo ufunguo. Mlango wa Chumba cha Tatu ulikuwa unafunguliwa nayo kila asubuhi. Leo wangefungulia nayo mapipa yaingie, mabomu yatoke mazima. Mafundi wa kuyafunga ni hawa kumi na wawili tu, hakuna wengine nchini wenye mikono hiyo, na wote wameruhusiwa kuingia kwa mwandiko wake yeye, wenye herufi nzuri za chuoni.

Akafika kwenye ile sita ya penseli.

"Namba kumi na saba," alisema.

"Endelea."

Alimtazama baba yake. Mzee alitikisa kichwa kidogo sana, ile ya *weka sita, kuna ubaya?* Halafu akakohoa. Alijizuia, ikamshinda, akaweka kitambaa mdomoni, akakikunja upesi na kukificha kwenye kiganja.

Binti alifungua mkono wake.

"Hii ni beji ya droo," alisema. Hakuna aliyesikia. Akarudia, na safari hii sauti ilitoka kubwa mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Hii ni beji ya droo! Haijawahi kuvaliwa. Haijawahi kuingia Chumba cha Tatu. Inakaa na biskuti zangu. Mwezi huu imesoma sita."

Mgeni wa suti akageuza kichwa.

"Namba zote nilizosoma ni kama yake," alisema Binti. "Mafundi hawavai beji. Wanaziacha kwenye makoti. Miaka miwili. Mimi nimekuwa nasoma makoti, bosi, na makoti hayaumwi. Watu wenyewe hakuna ajuaye wamepigwa kiasi gani, ila bila feni, kwa saa wanazofanya kazi, wote wamevuka. Hakuna mtu humu ndani anayeruhusiwa kuingia chumba kile. Si kufungua wala kufunga."

"Binti," Meneja alisema polepole, uso umebadilika rangi. "Angalia unachosema. Kuna sahihi yako hapo."

"Ni yangu."

"Utakwenda jela kwa karatasi hizo."

"Najua."

"Mama," alisema Mzee Koleo kutoka kwenye kiti chake, sauti ya kumbembeleza, kama anamwita mtoto atoke kwenye maji. "Mama, kaa chini."

Hakukaa. Akashika ukingo wa meza. Meneja alisogea karibu, akashusha sauti ibaki ya watu wawili, lakini kantini ilikuwa kimya na kila mtu alimsikia.

"Nilikwambia nini siku ile? Si nilikwambia uandike unachokiona?"

"Ulinambia," alisema Binti wa Beji, na machozi sasa yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. "Ninachokiona ni baba yangu anakufa. Namwona kila siku mezani. Na mimi ndiye niliyekuwa naandika kwamba ni mzima."